Michoro ya Kanisa la Pedoulas

Msafiri apandaye milima ya Troodos, katika kisiwa cha Kupro, aweza kulipita kanisa la Malaika Mkuu Mikaeli la Pedoulas akidhani ni ghala la mkulima: kuta za mawe, na paa la mbao lenye mteremko mkali wa kuondosha theluji. Tulipoingia, tuliona kuta zimejaa watakatifu.

Juu ya mlango wa kaskazini amechorwa kasisi Basil, aliyegharimia kazi hiyo mwaka 1474, pamoja na mkewe na binti zao wawili, akimkabidhi Malaika mfano mdogo wa kanisa lenyewe. Mchoraji, Minas, naye ameandikwa jina.

Wako watakaosema kuwa huu ni mkono wa shamba, usiofikia ustadi wa miji mikuu. Ni kweli kwamba Minas alishika njia za kale. Lakini kisiwa kilikuwa chini ya ufalme wa nasaba ya Lusignan, iliyotoka Ufaransa. Kwa watu waliotawaliwa, kushika njia za wazee kulikuwa kujihifadhi, wala si upungufu wa akili.

Mwaka 1985 UNESCO ililiingiza kanisa hili katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo yastahili. Ila wanakijiji walikuwa wamekwisha kujiheshimu wenyewe, ukutani mwao.