Darasa la Mbwa: Kwa Nini Mwenye Mbwa Ndiye Ashike Kamba

Ukipita Milimani, Kiamunyi au Lanet hapa Nakuru, utaona geti baada ya geti limebandikwa kibao cha "Mbwa Kali". Nyuma ya vibao hivyo kuna utaratibu tunaoujua sote. Mbwa hushinda kibandani, hufunguliwa giza likiingia, hulishwa na kijana wa kazi, na mwenye nyumba humwona tu akipita na gari. Siku mbwa huyo akimrukia mgeni ndipo mkufunzi anapotafutwa. Mara nyingi mkufunzi humchukua, hukaa naye wiki kadhaa na kumrudisha akiwa anajua kukaa, kulala na kusubiri kwa amri. Baada ya muda mfupi nyumbani, amri zile zimeyeyuka.

Huwa zinayeyuka kwa sababu mbwa alijifunza vizuri sana kumsoma mtu mwingine. Amri kwake ni zaidi ya neno: ni sauti ya fulani, mkao wake, mkono wake unavyoinuka, na kile kinachofuata baadaye. Mkufunzi akisema "kaa" akiwa amesimama wima, kisha wewe ukalisema neno hilo hilo umeinama huku simu iko sikioni, mbwa amepokea jumbe mbili tofauti. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi kubwa ya darasa ni kumfanya mwenye mbwa atabirike. Mbwa humwamini mtu ambaye leo na kesho anamaanisha jambo lile lile.

Wanaotegemea mbwa kwa kazi nzito katika ukanda wetu wamelijenga hilo ndani ya mafunzo yao. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wanusaji, na mafunzo yake hufanyika Usa River, karibu na Arusha. Mbwa hao hufundishwa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, na baadhi yao wamefanya kazi na askari wa shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na bandari ya Mombasa. Askari haletewi mbwa aliyekwisha kuiva. Yeye mwenyewe huenda mafunzoni, huoanishwa na mbwa, na wawili hao hufunzwa pamoja. Hujifunza kumlisha, kumpiga brashi, kumkagua masikio na makucha, na kumsoma mwili. Sababu ni ya kiufundi kabisa: mbwa akinasa harufu kati ya mizigo, dalili ya kwanza inaweza kuwa kichwa kilichogeuka kidogo au pumzi iliyobadilika, na asiyemjua ataipita bila kuiona. Malipo ya mbwa ni mchezo anaoupenda, na hulipwa pale pale.

Hilo la "pale pale" ndilo linalowashinda wengi. Tuzo inapaswa kufika ndani ya sekunde moja au mbili. Mbwa ameketi, wewe unapekua mfuko, naye ameinuka. Ukimpa sasa, umemlipa kwa kuinuka. Kwa hiyo shika tuzo mkononi kabla ya kutoa amri. Huna haja ya kununua vyakula vya dukani. Omena wakavu, au ini lililochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi, vinatosha kabisa.

Tuchukue zoezi moja, la geti. Mbwa yuko kwenye kamba iliyolegea na geti limefungwa. Gusa komeo. Akivuta mbele, ondoa mkono na usiseme kitu. Akituliza mwili, mkono unarudi kwenye komeo. Akiketi, komeo linasogea kidogo na anapata omena. Akiinuka, komeo linarudi. Endelea hivyo mpaka geti liwe wazi, bodaboda inapita barabarani, na mbwa bado ameketi. Kuna wakati katika zoezi hili atakapoacha kuitazama barabara na kuutazama uso wako kuuliza kinachofuata. Hapo mlipe vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ile ile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto.

Kuhusu ratiba, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Meyer na Ladewig uliwalinganisha mbwa waliofunzwa mara moja kwa wiki na waliofunzwa mara tano. Wale wa mara moja walihitaji vipindi vichache zaidi kulishika somo, ingawa siku zilizopita zilikuwa nyingi. Kwa hiyo darasa la kila Jumamosi linatosha, mradi katikati kuwe na marudio mafupi ya nyumbani yanayokoma mbwa akiwa bado ana hamu.

Fimbo nayo? Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno waliwafuatilia mbwa 92 kutoka shule mbalimbali. Waliofundishwa kwa kuumizwa na kutishwa walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, na kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda zaidi kwenye mate yao baada ya somo. Mbwa aliyejaa wasiwasi hujifunza kukukwepa.

Najua hofu ya jirani zangu: mbwa akizoea watu, nani atalinda? Kubweka mgeni akikaribia ua hakuhitaji darasa. Kinachohitaji darasa ni kunyamaza na kurudi anapoitwa. Mlinzi unayeweza kumwita arudi ana thamani kuliko yule ambaye hata watoto wako wanamwogopa. Na mbwa wetu wa kienyeji anajifunza haya yote sawa na German Shepherd.

Kabla ya darasa la kwanza, mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha ifikapo 2030 vifo vya watu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa, na darasa linawakutanisha mbwa wa nyumba nyingi.

Kisha muulize mkufunzi swali moja: nani atashika kamba? Akisema umwachie mbwa urudi mwishoni, tafuta mwingine. Akikubali kukufundisha wewe, nenda na watoto, na yule kijana anayemlisha pia. Kubalianeni neno moja kwa kila amri, na wote mlitumie hivyo hivyo kila siku.