Fisi wa Njia Panda

Kila kikao cha vijana hapa Kakuma kinachohusu kazi, lazima mtu asimulie ile hadithi ya fisi. Kafika njia panda, harufu ya nyama inatoka huku na huku. Akatia miguu ya kulia njia hii, ya kushoto njia ile, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka katikati. Ndiyo maana wazee husema njia mbili zilimshinda fisi. Funzo: shika fani moja, ubobee. Mimi mwenyewe nimeisimulia sana, watu wakacheka.

Juzi msichana mmoja akaniuliza: "Kaka, na kama fisi angechagua moja, halafu akute imefungwa?" Nikakosa jibu.

Hapo ndipo hadithi inapopungukiwa. Inadhani kila njia itabaki wazi mpaka ufike kwenye nyama. Kwetu njia ni mradi. Unaanza kushona miezi mitatu, ufadhili unaisha. Unahamia kompyuta, kisha sola. Una vyeti vitatu kwenye bahasha na hakuna anayekuita fundi. Halafu unaambiwa eti una tamaa ya fisi! Hapana bwana. Ulipita palipokuwa wazi.

Lakini tusijidanganye: kuonja mengi si kujua mengi. Mtazame klinikal ofisa. Anatibu malaria, anashona jeraha, anapima mtoto. Hakubobea sehemu moja, lakini hapa Kenya husomea diploma miaka mitatu, kisha mwaka mzima wa mafunzo kazini. Anajua pia lini ampeleke mgonjwa kwa daktari bingwa. Upana wake umejengwa, haukuokotwa.

Kwa hiyo kosa la hadithi ni kuhesabu njia tu. Ingeuliza pia mtu amepewa muda gani wa kutembea.

Ninyi wa mashirika, kabla ya kufungua kozi nyingine ya miezi mitatu, wamalizieni waliobaki katikati ya ile ya jana. Na sisi vijana, katika vile vyeti tuchague kimoja tukiendeleze hata mradi ukifungwa: shonea majirani, tengeneza taa za bloku yako. Vingine viwe akiba.

Hadithi bado naipenda, na nitaendelea kuisimulia. Ila nikimaliza, nitaleta swali la yule msichana tulijadili wote.