Ngao Inayoinuliwa Mkuki Ukishafika

Kitabu cha kanuni za mchezo si riwaya, najua. Lakini mimi hukisoma kama riwaya, kwa sababu kanuni ndiyo inayoamua nani aseme, aseme lini, na nani ana ruhusa ya kumkatiza. Mchezo ninaousema ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Watu wanaketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, mwendeshaji mmoja anaushika ulimwengu wote uliobaki, na dadu zinaamua pale maneno yanapokwama. Leo naangalia uganga wake wa kujikinga.

Kiswahili kina kago na zindiko, na vyote viwili huwekwa mapema. Unazindika nyumba kabla mwizi hajaja, ukishamkuta sebuleni umechelewa. Uganga uitwao Shield, ambao hapa nitauita Ngao, ulikuwa hivyohivyo katika toleo la tatu la mwaka 2000. Mchawi alitumia zamu yake kuuwasha, ukadumu dakika moja kwa kila ngazi aliyofikia, basi. Ilikuwa kinga ya mtu mwenye hadhari, ila kama tukio la hadithi ilipooza. Adui akikosa, mara nyingi hakuna aliyekumbuka kwamba Ngao ipo.

Toleo la nne la mwaka 2008 liligeuza mambo, na la tano la 2014 likafuata njia hiyo. Ngao ikawa mwitikio, yaani jambo unalofanya ndani ya zamu ya mwenzako. Tuseme kinga yako ni 15. Adui amerusha dadu akapata 17, na mwendeshaji ameshatamka kwamba mkuki umekupata. Hapo ndipo unainua Ngao. Inakuongezea 5, unafika 20, na mkuki uleule uliokwisha kukupata unaanguka chini.

Kanuni inatoza bei. Una mwitikio mmoja tu kwa mzunguko, na mzunguko ni sekunde 6. Ukiutumia kumpiga adui anayekukimbia, huna Ngao mpaka zamu yako irudi. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana nafasi 2 tu za uganga wa kweli, kwa hiyo kila Ngao inakula nusu ya mali yake. Kumwona mchezaji akisita hapo ni raha tupu. Tatizo linakuja baadaye. Kwenye ngazi ya 10 ana nafasi 15, na kusita kunageuka hesabu ya dukani: kapata 17? Ngao. Twende.

Hata hivyo, Ngao ina adabu moja: inamwacha adui amalize sentensi yake. Counterspell, nitakayoiita Mtanguo, haina adabu hiyo. Ukimwona mtu ndani ya futi 60 akianza uganga wake, unautangua. Kwa kanuni za 2014, uganga wa daraja la 3 kushuka chini ulikufa bila hata dadu kurushwa, na nafasi iliyotumika ikapotea.

Mwaka juzi nilikuwa mwendeshaji wa kundi letu. Kulikuwa na dada mmoja mkimya, anayesikiliza zaidi ya kusema. Jioni moja alianza kueleza moto utakavyotoka kwenye viganja vya mhusika wake, na ilionekana wazi kwamba alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu nyumbani. Sikumwacha afike mwisho. Nikasema, "Imetanguliwa." Kanuni ilikuwa upande wangu kabisa. Akarudisha dadu zake kwenye kimfuko, na hadi tunaagana hakueleza kitu kingine zaidi ya kutaja namba.

Toleo la 2024 limejaribu kutibu. Sasa anayetanguliwa anarusha dadu kujitetea, na akishindwa hapotezi nafasi, anapoteza tendo tu. Ni haki zaidi, nakubali. Ila wahariri wamerudisha mali, hawakurudisha sauti. Ngao ikifanya kazi, mezani pametokea mambo mawili, mkuki umekuja na mkuki umezuiwa. Mtanguo ukifanya kazi hakuna kilichotokea, na hadithi haiwezi kula kitu ambacho hakikutokea.

Kwa hiyo kwetu tumeongeza kanuni ambayo haimo kitabuni. Hakuna kutangua mpaka msemaji amalize kueleza. Moto utoke, uvuke chumba, watu wauone, ndipo mtanguaji aeleze unavyozimika. Namba hazibadiliki hata moja. Mara ya kwanza tulipoijaribu, yule dada ndiye aliyetanguliwa tena. Alieleza moto wake wote, taratibu, kisha akamgeukia aliyeuzima akamwambia, "Haya, na wewe tuambie umeuzimaje."