Kaka Yake Nani?

Mwaka 2010 ungeniuliza Victor Wanyama ni nani, ningekujibu haraka: mdogo wake Mariga. Miaka mitatu baadaye sentensi ilikuwa imepinduka. McDonald Mariga ni nani? Si yule kaka yake Wanyama!

Nimesoma makala nyingi kuhusu Mariga, na lalamiko langu ni la msomaji wa hadithi kuliko la shabiki. Karibu zote zina msuko mmoja. Kijana wa Nairobi anaenda Sweden, anachezea Helsingborg, anahamia Parma mwaka 2007. Januari 2010 Manchester City wanamtaka, kibali cha kazi kinakwama, Inter Milan wanamchukua. Mei 22 Inter wanaifunga Bayern Munich 2-0 jijini Madrid na kubeba Ligi ya Mabingwa, Mariga akiwa benchi. Hapo msimulizi anafunga daftari. Yanayobaki yanapewa aya moja ya mbiombio: mkopo Real Sociedad, Parma tena, Latina, Oviedo. Kisha anaingia mdogo mtu na Celtic yake, Southampton, Tottenham, na kaka anageuka dibaji.

Wapo wanaomtetea, eti yeye ndiye aliyefungua njia. Ni kweli, Victor alimfuata hadi Helsingborg. Lakini hata sifa hiyo inanikera kidogo. Njia husifiwa kwa sababu ya wanaoipita. Bado hatujamtazama mwenyewe.

Hebu tuanze na jina. Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Wote wawili ni wana wa Wanyama, ila jezi ya mkubwa iliandikwa Mariga na ya mdogo ikaandikwa Wanyama. Kwa hiyo hata huyo maarufu alitoka nyumbani akiwa mtoto wa fulani. Sote tunaanza hivyo. Swali ni kwa nini mmoja anaruhusiwa kutoka ndani ya hiyo "wa" na mwingine anarudishwa humo uzeeni.

Halafu kuna ile sura inayorukwa. Latina walikuwa Serie B, Oviedo daraja la pili Hispania. Mtu mwenye medali ya ubingwa wa Ulaya anaamka, anafunga kamba za viatu, anaenda mazoezini na timu ambayo majirani zangu hawajawahi kuisikia. Waandishi wanaliita anguko. Mimi naona mtu anayekwenda kazini. Fundi aliyewahi kujenga ghorofa la kifahari na leo anapiga plasta vibanda, mbona hatumwandikii tanzia? Riwaya nzuri ingekaa Latina kurasa hamsini.

Na kuna tarehe. Novemba 7, 2012, Victor aliifunga Barcelona, Celtic wakashinda 2-1. Novemba 7, 2019, miaka saba kamili baadaye, jina la Mariga lilikuwa kwenye karatasi za kura Kibra, kwa tiketi ya Jubilee. Akashindwa na Imran Okoth wa ODM, mdogo wake marehemu Ken Okoth, mbunge ambaye kifo chake ndicho kilichoacha kiti wazi. Mtunzi akiniletea msuko huo ningemwambia apunguze, umezidi. Kaka yake mtu akapambana na mdogo wake mtu, na wasimulizi wetu wakapita tu, wakakimbilia kuhesabu kura.

Sisemi Mariga alikuwa bora kuliko Victor. Ubishi huo uachwe kijiweni. Nasema hadithi ya mtu haiwi fupi kwa sababu ya nduguye kuwa na ndefu zaidi. Atakayeiandika upya, sentensi ya kwanza ninayo, naitoa bure: McDonald Mariga alikuwa kiungo. Nukta. Aendelee kutoka hapo, na Victor asubiri sura yake.