Kipimo cha Moto

Fundi mzuri wa mashine za gemu huanza na masikio. Anaichomeka PS4 kwenye umeme, anakunja mikono na kusikiliza. Feni ikianza taratibu, kisha ikavuma hadi kuimeza sauti ya televisheni mara gemu inapokolea, hapo ameshapata nusu ya jibu: joto halitoki. Mashine ikilia mara moja, ikaonyesha taa ya buluu inayopepesa bila kugeuka nyeupe, anajua safari ni ndefu zaidi. Huenda ni pawa saplai, huenda ni diski, huenda ni chipu kuu. Bado hajashika bisibisi.

Kwetu wagonjwa wa namna hii hawaishi. Katika mabanda ya gemu ya Dar es Salaam au Nairobi, mashine huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, vijana wakipokezana pedi mechi baada ya mechi, bati likichoma juu na mlango ukiwa wazi kwa vumbi la barabara. Ndiyo maana meza za mafundi wa Kariakoo na Luthuli Avenue hazikosi PS iliyofunguliwa tumbo.

Kusafisha huonekana kazi ya mwanagenzi, lakini ndiyo inayoonyesha mkono wa mtu. Vumbi lililoganda kati ya mapezi ya bamba la kupozea huondolewa kwa brashi na upepo, feni ikiwa imeshikwa isizunguke ovyo. Pesti ya zamani juu ya chipu, iliyokauka na kupasukapasuka, hufutwa kwa spiriti hadi uso wa chipu ung'ae. Kisha hupakwa mpya, na hapo ndipo kipimo kinapohitajika. Chipu na bamba, hata vikibanwa vipi, huacha vinafasi vya hewa katikati, na hewa hupitisha joto kwa shida. Kazi ya pesti ni kuziba vinafasi hivyo tu. Ikipungua, pembe moja ya chipu huungua. Ikizidi, yenyewe huwa kizuizi. Skrubu nazo hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, ili bamba lilale sawa.

PS5 imezidisha ugumu. Badala ya pesti, Sony iliweka metali ya majimaji, na mhandisi wake Yasuhiro Ootori alieleza mwaka 2020 kwamba maandalizi yalichukua zaidi ya miaka 2. Metali hiyo hupitisha joto vizuri mno, lakini hupitisha na umeme. Tone moja likivuka kizuizi chake na kugusa vijenzi vya jirani, ni shoti. Fundi anayeifungua hufanya kazi polepole kuliko mteja anavyopenda, na ana haki.

Ubao ukiwa na shoti, ufundi hugeuka upelelezi. Kapasita zimejipanga kwa mamia, zote zikifanana, na mbovu inaweza kuwa moja. Mita humwambia fundi ni njia ipi ya umeme iliyoanguka chini, ila haimwonyeshi mahali penyewe. Basi wengine hupaka spiriti juu ya ubao na kuingiza umeme mdogo, volti 1 hivi, kwenye njia hiyo. Kijenzi kilichokufa hupata joto, na spiriti iliyo juu yake hukauka kabla ya kwingine kote. Fundi habandui macho. Joto, ambalo ndilo mshitakiwa katika kesi nyingi, hapa limeitwa kutoa ushahidi.

Kubadilisha tundu la HDMI ni mtihani mwingine. Lina pini 19, zilizotengana kwa nusu milimita tu, na miguu minene iliyopenya ubao hadi kwenye tabaka za shaba zinazonyonya joto. Lehemu isiyo na risasi, iliyoenea viwandani baada ya sheria ya Umoja wa Ulaya kuanza kutumika Julai 2006, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ile ya zamani ya risasi na bati huyeyuka kwenye 183. Kwa hiyo fundi hupasha ubao kwanza kutoka chini, huchanganya lehemu laini na ile ngumu ili iyeyuke mapema, hutia flaksi, halafu husubiri. Tundu lenyewe litamwambia: likiguswa, huelea. Mwenye pupa hulivuta kabla, na likitoka huja na njia za shaba. Hapo mwenzake mvumilivu ataitwa kurudisha kila njia chini ya hadubini kwa waya mwembamba kama unywele.

Somo kuu la fani hii lilitoka kwa Xbox 360. Ilizinduliwa Novemba 2005, na punde wamiliki wengi wakaona robo tatu za duara la taa zikipepesa nyekundu. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Watu nao walibuni tiba: kuifunika mashine kwa taulo na kuiacha ijichemshe. Wakati mwingine iliwaka kweli. Wengine waliipiga chipu ya picha hewa ya moto, mashine ikarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima, kisha ikafa tena. Katika filamu ya mfululizo ya Power On: The Story of Xbox ya mwaka 2021, wahusika walieleza kwamba viungo vilikuwa vikikatika ndani ya vijenzi vyenyewe, kwa sababu ya kuwashwa na kuzimwa: hupata moto vikatanuka, hupoa vikanywea, hadi vikachoka. Moto wa taulo uliweza kuzikutanisha nyufa kwa muda, lakini haukuweza kuziunga.

Ndiyo maana fundi ninayemheshimu hakabidhi mashine inapowaka. Huichezesha gemu nzito saa nzima au zaidi, huizima, huiacha ipoe kabisa, ndipo huiwasha tena. Mteja hunung'unika kwamba anacheleweshwa. Lakini kiungo kilichopasuka huweza kujificha mashine ikiwa moto na kuumbuka ikiwa baridi, na kuwaka huku kwa pili hakumwongezei fundi hata shilingi moja. Asiyefanya hivyo hatajulikana leo. Mteja atalaumu umeme, vumbi au Sony. Fundi huyu hufanya hivyo hata hivyo, na kwangu hicho ndicho kipimo chake.