Zimwi Likujualo: Kuirudia The Hot Zone

Juzi nimerudia kusoma The Hot Zone ya Richard Preston, kitabu cha 1994 kuhusu Ebola na Marburg. Si riwaya, lakini kinasomeka kama riwaya ya kutisha. Kinaanzia magharibi mwa Kenya: Mfaransa mmoja anaingia pango la Kitum, Mlima Elgon, mwanzoni mwa 1980. Kama wiki mbili baadaye yumo kwenye ndege ya kwenda Nairobi, anatapika mfululizo. Mwisho wake nilikuwa naujua, na bado viganja vilinitoka jasho.

Halafu nikajicheka. Nilikuwa nasoma hayo kitandani, chandarua nimekifunga juu kwa uvivu, mbu wananiimbia sikioni.

Preston anajua jambo moja: ugonjwa mgeni una hadithi. Una mgonjwa wa kwanza, una pango, una wapelelezi. Hatujui nani atafuata, basi tunafungua ukurasa. Malaria haina hadithi hiyo. Tumezaliwa tukaikuta nyumbani. Hata tunaidogosha kwa ulimi: “Nina kamalaria tu.” Unameza mseto siku tatu, unarudi kazini. Waliopona tunawaona kila siku. Wasiopona hatuwahesabu.

Sisemi hofu ya Ebola ni upuuzi. Kwa wastani huua karibu nusu ya wanaoipata, na Preston alipoandika haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Ninachomlaumu ni chumvi. Miili kwake inakaribia kuyeyuka, na wataalamu wamelilalamikia hilo. Tena, virusi vilivyozusha taharuki kule Reston, Virginia, mwaka 1989 viliua kima walioagizwa kutoka Ufilipino. Hakuna binadamu aliyeugua. Ukifunga kitabu, hilo ndilo unalolisahau kwanza.

Sasa tazama hesabu. Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016 iliua watu zaidi ya 11,000. Malaria, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, iliua takriban 600,000 mwaka 2022 peke yake, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Na hofu nayo iliua: Liberia, Sierra Leone na Guinea, wenye homa za kawaida waliogopa kwenda hospitali kwa sababu ya Ebola, na malaria ikawamaliza majumbani.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jamani, hili linatujua vizuri na linatumaliza.

Kwa hiyo kisome kitabu cha Preston, ni fundi. Ila mimi nasubiri mwandishi wetu atakayetukesheza kwa usiku mmoja tu: mtoto ameshikwa na degedege, mama yuko mlangoni, na bodaboda haijafika. Hakuna pango wala mgeni, na msomaji hajui kama kutakucha salama.