Kipa wa Hoki na Sponji Yake

Mpira wa hoki una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ni mgumu, haubonyei. Mpigaji hodari wa penati kona huukokota kwa gongo, akaufyatua kutoka karibu na ukingo wa duara la kupigia goli, mita kumi na nne hivi mbele ya lango, kwa mwendo unaopita kilomita 100 kwa saa. Kwa hesabu hiyo kipa ana nusu sekunde. Nyuma yake kuna lango lenye upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Sheria za mchezo zinamtaka avae angalau vitu vitatu: kofia ngumu ya kukinga kichwa na uso, padi za miguu, na viatu vya sponji vinavyofungwa juu ya viatu vya kawaida. Kinga ya kifua, ya koo, ya viwiko, ya nyonga, hata glavu, hayo ameachiwa mwenyewe aamue. Uamuzi huo ni nusu ya kazi yake, na sidhani kama kuna nafasi nyingine michezoni ambapo mavazi yanadai akili nyingi kiasi hicho.

Asiyeujua mchezo akimwona kipa wa hoki akitoka chumba cha kubadilishia nguo, mpana kuliko mlango, hudhani amejificha ndani ya magodoro. Kwangu huyo ni fundi aliyejifunga zana zake mwilini. Kila kipande alichovaa kina kazi mbili, kumkinga yeye na kuucheza mpira, na kazi hizo mbili hazipatani kila mara.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Enzi za Shankar Lakshman, kipa wa India aliyecheza fainali tatu za Olimpiki mfululizo, 1956, 1960 na 1964, mtu alisimama langoni uso wazi, miguuni amefunga padi zilizofanana na za kriketi. Padi za namna ile zilimeza nguvu ya mpira. Ukizigonga ulidondoka pale pale, na kipa akawa na kazi ya pili ya kuuondosha kwa teke kabla mshambuliaji hajaufikia. Kwenye nyasi za kawaida, zenye mabonde na vishimo, ufundi ule ulitosha, na ni katika zama hizo Kenya ilipomaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971. Miaka mitano baadaye, kwenye Olimpiki ya Montreal, hoki ikachezwa juu ya nyasi bandia. Mpira ukawa unateleza kwa kasi ambayo nyasi za kawaida hazikuiruhusu. Padi za kale zikaelemewa, na katika miaka ya 1980 sponji nzito iliyoshindiliwa ikachukua nafasi yake.

Tabia ya sponji hii ni kurudisha. Mpira ukiigonga unarudi ulikotoka, mara nyingine kwa nguvu kubwa. Kuzuia na kuondosha, yaliyokuwa matendo mawili, yakawa tendo moja. Hapo kipa akapewa swali jipya ambalo hajapumzika nalo hadi leo: mpira ukirudi, urudi wapi?

Kwa sababu hiyo viatu vya sponji navipa heshima kuliko kifaa kingine chochote. Mtu wa nje huvutwa na kofia, lakini mipira mingi inayopigwa langoni huenda chini, na penati kona ikipigwa kwa kishindo cha gongo, pigo la kwanza haliruhusiwi kuvuka mstari wa goli juu ya milimita 460, yaani kimo cha ubao wa ndani ya lango. Mguu ndio unaokutana nao. Uso wa ndani wa kiatu ukiwa bapa, mpira hutoka kwa pembe ambayo kipa anaweza kuikadiria mapema. Ukiwa wa mviringo, kosa dogo la kugeuza unyayo linaupeleka mpira kwenye gongo la adui anayesubiri. Sponji ngumu huutupa mbali, nje ya duara, na hilo ndilo analolitaka kipa mwenye miguu myepesi anayejua kuuelekeza pembeni. Iliyo laini zaidi huuacha karibu, na humfaa anayependa kuumalizia mwenyewe kwa teke la pili. Halafu kuna mikanda ya chini ya unyayo, ambayo hakuna mtazamaji anayeiona. Hiyo husuguliwa na nyasi bandia kila hatua, na ikikatika katikati ya mchezo kiatu huzunguka na uso wake hutazama pasipotakiwa. Kipa makini huikagua kabla ya kila mechi na hubeba ya akiba. Nampenda mchezaji wa namna hiyo hata kabla sijamwona akiokoa mpira mmoja.

Padi za miguu hazina mengi. Kila moja isizidi upana wa milimita 300, na urefu wake ufuate mguu wa mwenyewe, ikae vizuri juu ya kiatu na kulifunika goti bila kulibana.

Mikono ndiyo inayoonyesha jinsi mchezo huu unavyomgawa mtu pande mbili. Mkono wa kulia unashika gongo, kwa hiyo glavu yake inazunguka vidole na kuacha nafasi ya mpini. Wa kushoto ni ubao: uso mpana wa sponji, usiozidi milimita 228 kwa 355, wa kuusukumia mbali mpira wa juu. Makipa wengi huchukua kipimo chote kinachoruhusiwa, na ninawaelewa, ila nimetazama makipa wenye glavu nyembamba ambao mkono wao ulifika mapema zaidi.

Bishano kubwa liko kifuani na mabegani. Kinga nene humwezesha kipa kusimama wima mbele ya mpira wa juu bila kufumba macho, na kipa asiyefumba macho ndiye anayeokoa. Lakini unene huo huo unachelewesha bega kuinuka na kiuno kupinda. Siku hizi mechi za mtoano zikimalizika sare, mshambuliaji huanza na mpira kwenye mstari wa mita 23 akiwa na sekunde nane kumpita kipa. Kipa anatoka mbio, anarudi nyuma, analala, anainuka tena, yote akiwa amevaa mzigo wake. Katika fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Maddie Hinch wa Uingereza aliwakabili Waholanzi baada ya sare ya 3-3, na hakuna hata mmoja wao aliyemfunga. Timu yake ikatwaa dhahabu kwa mikwaju 2-0. Wengi walisifu daftari lake la maandishi kuhusu wapigaji. Mimi niliitazama miguu. Alisubiri akiwa wima muda mrefu kuliko washambuliaji walivyotaka, na mtu aliyezidiwa na mavazi yake hawezi kusubiri hivyo.

Haya yote yananiuma ninapowaza namna tunavyowavisha makipa wachanga. Kwenye timu nyingi za shule, anayekaa langoni hurithi vifaa vya aliyetangulia, hata kama yule alikuwa mrefu kwa kichwa kizima. Padi zinamgonga mapaja akikimbia, kofia inamshukia machoni, kinga ya kifua iliyokatwa kwa umbo la mwanamume inamwachia msichana nafasi wazi mahali pasipostahili. Akirudi nyuma mpira ukija, tunasema ni mwoga.

Pesa zikiwa kidogo, kofia inayomkaa barabara itangulie, kisha kinga ya koo na ya kifua, ijapokuwa sheria haizilazimishi. Glavu pana na rangi za kupendeza zisubiri. Sponji kuukuu ibonyezwe kwa kidole gumba kabla ya kununuliwa, maana ikizeeka hupoteza nguvu ya kurudisha na hupasuka. Na kabla ya yote hayo, mtoto mwenyewe aitwe, asimame, apimwe mguu kutoka kifundo hadi goti.